Timu za mfuko mdogo mbele ya matajiri: mpira unachezwa pia kwenye daftari

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja mwaka 2024, AS Maniema Union ya Kindu ilisafiri mpaka Pretoria, Afrika Kusini, kuanza mechi zake za makundi katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mbele yake ilikuwa Mamelodi Sundowns, timu ya familia ya tajiri Patrice Motsepe, ambaye ndiye pia rais wa CAF, shirikisho la mpira wa Afrika. Sundowns ilikwisha kuwa bingwa wa Afrika mwaka 2016, na kwao Afrika Kusini ubingwa umekuwa kama mali yake. Dakika 90 zilipoisha, ubao ulionyesha 0-0.

Kundi lile lilikuwa gumu. Mbali na Sundowns, walikuwemo Raja ya Casablanca na AS FAR ya Rabat, timu mbili za Maroko ambazo zote zilishawahi kubeba kombe hilo. Maniema Union ilipokea wageni Kinshasa, katika uwanja wa Martyrs, mbali na watu wake wanaoishi kando ya mto Lualaba. Mwishoni haikuvuka kundi. Lakini TP Mazembe ya Lubumbashi, yenye mfuko mzito kuliko timu zote za Kongo, nayo haikuvuka kundi lake mwaka uleule.

Kwa hiyo swali ambalo watu huulizana kwenye butiki, kwenye moto, na pembeni ya redio jioni, ni swali la haki: timu isiyo na pesa inasimama namna gani mbele ya timu yenye pesa? Na kama inaweza kusimama siku moja Pretoria, kwa nini haisimami kila siku?

Kwanza lazima kukubali ukweli kuhusu pesa. Pesa hainunui bao moja kwa moja. Inanunua vitu vinavyoleta bao pole pole. Timu tajiri ina wachezaji wawili wazuri kwa kila nafasi, basi mmoja akiumia mguu hakuna kilio. Ina daktari wake. Inasafiri siku mbili kabla ya mechi, inalala vizuri, inakula vizuri. Mshahara unaingia kwa tarehe yake, na mchezaji hafikirii kodi ya nyumba wakati wa kupiga penalti. Timu maskini ina wachezaji kumi na moja wazuri, na labda wengine watatu. Mmoja akipata malaria, kocha anaanza kukuna kichwa.

Hapa Kongo, pesa inauma zaidi kwa sababu ya ukubwa wa nchi. Hakuna barabara ya kutoka Goma, Bukavu ao Kindu mpaka Kinshasa ambayo timu inaweza kuitegemea. Ni ndege tu. Timu ya watu thelathini, na mizigo yao, kwenda na kurudi, ni pesa ambayo timu ya mtaa haiwezi kuipata kwa viingilio vya mlangoni. Ndiyo maana ligi ya taifa, Linafoot, mara nyingi imegawa timu kwa kanda, ili za mashariki zicheze kwanza kati yao. Hata hivyo, msimu wa 2022-2023 haukumalizika na hakukuwa na bingwa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye orodha ya mabingwa. Tangu mwaka 2000 mpaka 2024, ubingwa wa Kongo ulizunguka kati ya timu nne tu: TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo za Lubumbashi, AS Vita Club na Daring Club Motema Pembe za Kinshasa. Miji miwili, timu nne, karibu robo karne. Mwaka 2025 ndipo timu changa ya Kinshasa, Les Aigles du Congo, ilipovunja mlolongo ule. Mtoto aliyezaliwa Goma ao Bukavu mwaka 2000 amefikia utu uzima bila kuona hata mara moja timu ya mji wake ikivaa taji la nchi.

Lakini utajiri ni kipimo cha jirani. Aliye tajiri nyumbani anaweza kuwa maskini akivuka mpaka. Mfano mzuri ni TP Mazembe yenyewe. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010, Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Hapa kwetu iliitwa timu ya tajiri, kwa sababu ya Moïse Katumbi. Kule ilikuwa timu ndogo. Zaidi ya hapo, ilikwenda bila Trésor Mputu, mchezaji wake mkubwa, ambaye FIFA ilikuwa imemsimamisha. Mazembe ikaifunga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, na kipa Kidiaba akarukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Kwenye fainali, Inter Milan, iliyokuwa bingwa wa Ulaya, ikawafunga 3-0. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Afrika kufika fainali ile.

Mazembe ya wakati ule ilikuwa imekaa pamoja. Wengi wa wachezaji wale walibeba kombe la Afrika mwaka 2009, wakalibeba tena mwaka 2010, na walikuwa wanajuana kama ndugu wa nyumba moja. Mputu alipokosekana, wengine walijua nafasi yake inazibwa vipi. Hicho ni kitu ambacho pesa inaweza kukisaidia, lakini haiwezi kukinunua kwa wiki moja. Na hicho ndicho timu za mfuko mdogo wanaweza kukijenga, kama hawauzi nusu ya timu kila mwaka.

Kiwanjani, makocha wa timu ndogo wanajua silaha za bei nafuu. Ya kwanza ni mpangilio: watu kumi wanaosogea pamoja, wakiwa karibu karibu, bila kuacha uwazi katikati. Jambo hilo halidai nyasi nzuri wala viatu vya bei. Linadai mazoezi mengi na masikio ya kusikia. Ya pili ni mipira iliyosimama, yaani kona na frii-kiki. Timu inayobanwa dakika 80 inaweza kupata kona mbili tu. Kama kona zile zilifanyiwa mazoezi wiki nzima, mbili zinatosha. Ya tatu ni uvumilivu. Timu tajiri inapokosa bao mpaka dakika ya 60, mashabiki wake wanaanza kupiga miluzi, wachezaji wanaanza kugombana, na hapo timu ndogo inapumua.

Lakini kuna ugonjwa unaoua timu ndogo nyingi, nao ni kuiga tajiri. Timu inapanda daraja, na viongozi wanafurahi kupita kiasi. Wanaleta wachezaji wazee wenye majina kutoka mbali, wanawaahidi dola ambazo hawana, na vijana wa mtaa wanakaa kwenye benchi. Miezi mitatu baadaye mshahara haupo. Wageni wanaondoka na malalamiko, vijana wamekwisha kukata tamaa, na timu inashuka ikiwa na madeni.

Ugonjwa wa pili ni mfuko wa mtu mmoja. Timu nyingi za Kongo zinaishi kwa mkono wa rais wao: mfanyabiashara, mbunge, gavana ao mkubwa fulani. Wakati wa uchaguzi pesa inatoka, jezi mpya zinatoka, ngoma zinalia. Uchaguzi ukipita, ao mkubwa akipoteza kazi, timu inabaki yatima. Mkono huo si wa kukataliwa. Bila watu kama hao, timu nyingi zisingeshiriki hata mechi moja ya taifa. Tatizo ni pale ambapo hakuna kitu kingine chochote chini yake.

Timu inayodumu inakuwa na mizizi midogo mingi. Mama muuza samaki anachanga franga 1,000 kwa mwezi. Chama cha wenye moto wanachangia usafiri. Mwenye duka la dawa anatoa bandeji. Fundi cherehani anashona jezi zilizochanika. Watu wa Kivu wanajua likelemba: kila mtu anatoa kidogo, na zamu ya kila mmoja inafika. Timu ya mtaa inaweza kuishi kwa akili hiyohiyo, mradi kitabu cha michango kisomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Pesa kidogo inayoonekana inaleta pesa nyingine. Pesa nyingi isiyojulikana ilipokwenda inafukuza hata ile kidogo.

Hata hivyo, michango ya mtaa inatosha maji, bandeji na nauli. Haitoshi kupigana na matajiri. Kwa hilo timu ndogo ina mali moja tu ya kweli: watoto iliyowalea. Na hapo ndipo timu nyingi za Kongo zinapoteza mali yao bila kujua.

FIFA ina kanuni inayoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji anapohama kutoka timu ya nchi moja kwenda timu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, na pesa ikalipwa, asilimia 5 ya pesa ile inatengwa. Inagawiwa kwa timu zote ambazo mchezaji alisajiliwa kwao kuanzia mwaka wa miaka 12 mpaka mwaka wa miaka 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, timu inapata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, inapata asilimia 0.5.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijana alicheza timu ya mtaa akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17. Baadaye, akiwa na miaka 25, timu moja ya Ulaya inamuuza kwa timu ya nchi nyingine kwa dola milioni 1. Kwa miaka ile miwili ya kwanza, timu ya mtaa ina haki ya dola 2,500 kila mwaka. Kwa miwili inayofuata, dola 5,000 kila mwaka. Jumla ni dola 15,000. Akiuzwa tena nje kwa milioni 1 nyingine, timu ya mtaa inapata tena dola 15,000. Kwa tajiri wa Pretoria hizo ni pesa za mafuta ya gari. Kwa timu inayochezea kwenye mawe ya volkano, ni mipira, viatu, na nauli za msimu mzima ao zaidi.

Kuna pia fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine, na katika mihamo ya nje inayofuata mpaka mwisho wa mwaka wa kalenda anaofikisha miaka 23. Na tangu mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, FIFA ina ofisi maalumu ya kupitisha malipo hayo. Zamani timu ndogo ilipaswa kusikia habari yenyewe na kudai yenyewe, na wengi hawakusikia kamwe. Sasa mfumo unakusanya historia ya mchezaji kutoka kwenye usajili wa shirikisho la kila nchi, unatengeneza kama pasipoti yake ya mpira, na timu zilizomo ndizo zinazolipwa.

Sentensi hiyo ya mwisho ina mwiba wake: timu zilizomo. Kama kijana alicheza miaka minne bila lisansi, kwa mfumo ule hakucheza. Kama lisansi ilitolewa kwa jina lingine, ao kwa tarehe ya kuzaliwa iliyopunguzwa ili acheze na wadogo, historia inakatika. Kama timu haijulikani kwenye shirikisho, ao haiwezi kupita ukaguzi wa ofisi ile, pesa haifiki. Mtu anaweza kuwa alimfundisha mtoto kupiga pasi ya kwanza, lakini kama jina la timu yake halimo, pesa inapita juu ya kichwa chake.

Tazama njia ya Fiston Mayele. Kabla ya kujulikana Afrika nzima, alipitia Sanga Balende ya Mbuji-Mayi na AS Vita Club. Mwaka 2021 alikwenda Yanga ya Dar es Salaam, mwaka 2023 akahamia Pyramids ya Misri. Mwezi wa sita mwaka 2025, Pyramids ilibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa kuifunga Sundowns, na Mayele akafunga bao katika mechi ya mwisho. Nyuma ya kila mchezaji kama yeye kuna makocha wa mtaa, viwanja vya vumbi na timu ndogo. Swali la kila timu ndogo si kama italea Mayele mwingine. Kongo haijawahi kukosa vipaji. Swali ni kama siku atakapouzwa, jina la timu litakuwa kwenye karatasi.

Jambo hili linazigusa zaidi familia zilizokimbia vita. Vijana wengi waliocheza Rutshuru, Masisi ao Sake waliendelea kucheza kwenye kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, mara nyingi na mpira wa masashe, pieku. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zile za Goma zilifungwa, na familia zikahama tena: wengine kurudi vijijini, wengine kwa ndugu, wengine kuvuka mipaka. Kila kuhama kunakula kitu. Sufuria inabaki nyuma, mbuzi anabaki nyuma, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinabaki nyuma pia, ao kinaloa mvua njiani.

Kijana wa namna hiyo akifika mji mpya, anapokelewa vizuri kiwanjani kwa sababu ya miguu yake. Mara anatokea mtu anayejiita wakala, mwenye simu nzuri, anampa mjomba dola 100, na kijana anapelekwa timu ya mbali. Hakuna barua, hakuna sahihi, hakuna jina la timu alikotoka. Timu iliyomlea imepoteza. Kijana naye, akiumia, hana wa kumuuliza.

Mzazi anaweza kufanya machache, hata akiwa hana kitu. Apige picha ya cheti cha kuzaliwa na ya lisansi ya mtoto kwa simu, hata ya jirani, na aitume kwa ndugu wawili walio mahali tofauti. Asikubali umri wa mtoto upunguzwe, hata kama kocha anasema ni jambo dogo. Asitie sahihi karatasi asiyoisoma ao asiyosomewa. Na kabla kijana hajaondoka kwenye timu, aombe barua yenye jina la timu, tarehe aliyoingia na tarehe aliyotoka.

Timu nayo ina kazi yake. Timu iliyopoteza uwanja haijafa kama watu wake na majina yao wapo. Mfano upo Sudan. Vita vilipoanza kule mwezi wa nne mwaka 2023, Al Hilal ya Omdurman ilipoteza uwanja wake, mji wake na ligi yake. Katika msimu wa 2024-2025 ilicheza mechi zake za nyumbani Mauritania, mbali sana na mashabiki wake, na ikashiriki hata ligi ya huko. Kocha wake alikuwa Mkongomani, Florent Ibenge, aliyeifikisha Vita Club fainali ya Afrika mwaka 2014. Al Hilal ile isiyo na nyumba iliongoza kundi lake katika Ligi ya Mabingwa, kundi lilelile ambalo TP Mazembe haikuvuka. Ni kweli Al Hilal si timu maskini. Lakini uwanja na mji havinunuliwi na mfuko wowote wakati wa vita. Kilichobaki kwao ni wachezaji, kocha, na utaratibu wa kazi.

Timu za mashariki mwa Kongo hazina mfuko wa Al Hilal, lakini utaratibu wa kazi hauuzwi dukani. Katibu wa timu anaweza kuwa na daftari moja la kurasa 96. Kila ukurasa, mtoto mmoja: majina yake yote, tarehe aliyozaliwa, wazazi wake, alikotoka, siku aliyoanza, namba ya lisansi, na siku aliyoondoka na alikokwenda. Nakala ya daftari ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine, mtaa mwingine. Lisansi zifuatiliwe kwenye shirikisho la mji kila mwanzo wa msimu, na michango ya mashabiki ilipe hizo kwanza, kabla ya jezi mpya.

Kazi hiyo haina ngoma wala vuvuzela. Hakuna shabiki atakayeimba jina la katibu. Lakini timu tajiri zilianza kuhesabu watoto wao zamani. TP Mazembe, pamoja na pesa zake zote, ilifungua shule yake ya mpira mwaka 2012, kwa sababu hata tajiri anajua kwamba kulea ni nafuu kuliko kununua. Timu ndogo zimekuwa zikilea siku zote, toka kabla ya shule hiyo, kwenye mawe, kwenye vumbi, na sasa katikati ya vita. Kilichokosekana ni kuandika.

Msimu mpya ukifika, kabla ya kuuliza ni mshambuliaji gani ameletwa, mashabiki wa timu ya mtaa waulize swali lingine kwenye mkutano: watoto wetu wangapi wana lisansi, na daftari liko kwa nani?